Stika Yenye Sahihi Yangu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Ni mimi Mghoi, niko Juba, na kabla hujamwita Mama aje asikilize, tafadhali subiri. Vaa miwani, kaa pale mlangoni penye mwanga, uisome barua hii peke yako kwanza. Mama utamsomea baadaye, zile sehemu utakazoona anaweza kuzibeba.

Mwili wangu ni mzima. Sikio lako je? Mwadime ameniambia kwamba hata lile la kushoto sasa limeanza kugoma, na kwamba ukipigiwa simu unaishika, unasema "Haya, haya, asante sana," halafu unakata. Kaka yangu huyo hana adabu, lakini alinichekesha siku ambayo sikuwa nimecheka kwa muda mrefu. Ndipo nikaamua kuandika, maana niliyo nayo hayatoshi kwenye "haya, haya, asante sana". Na goti la Mama linaendeleaje? Yule mbuzi aliyekula kalenda ya kanisa bado mnamfuga, au mlishamla kwa hasira?

Barua hii anaileta Abdi, mtu wa Garissa mwenye duka la jumla hapa karibu na soko la Konyo Konyo. Yeye anaishia Nairobi, na hapo ataikabidhi kwa basi la Voi. Amenibebea pia kisanduku kidogo cha kuacha Nairobi, nimekifunga kwa flana kama ulivyokuwa ukilifunga jiwe lako la kilo, lile la kukagulia mizani za soko. Habari za kisanduku hicho ndizo ninazotaka kukupa, na si nzuri.

Baba, Wani amefariki. Unamkumbuka Wani, fundi mwenzangu niliyekuja naye nyumbani Krismasi ya mwaka juzi, kijana wa hapa hapa Juba aliyelelewa Kitale. Alimaliza sufuria ya kimanga cha muhogo mpaka Mama akamuuliza kama kwao kulikuwa na njaa. Wewe ulimwonyesha mizani zako zote, moja baada ya nyingine, naye akakusikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo sisi watoto wako hatujawahi kuliweza. Njiani kurudi aliniambia, "Siz, mzee wako ni injinia, ni vile tu hakuna mtu amewahi kumwambia."

Nataka nikueleze alivyokufa, lakini lazima nianze na kazi yangu, ambayo siku zote nimekuwa nikikujibu kwa mkato kwamba natengeneza mita. Mtandao wa huku sasa unapita ndani ya waya wa kioo, mwembamba kama unywele, unaoitwa faiba. Ndani yake unapita mwanga. Waya ukikatika, au ukiungwa vibaya, mwanga hupungua njiani, na mnara wa simu ulio mwisho wa waya haupati wa kutosha. Kwa hiyo fundi hubeba mita ndogo ya mkononi, ukubwa wake kama redio yako ya betri. Anachomeka waya kwenye jicho la mita, na mita inamwambia mwanga uliofika ni kiasi gani. Ukifika kiwango, kazi imekwisha, anakwenda nyumbani. Usipofika, anarudi kupanda nguzo na kuunga upya.

Mita hizo huanguka, huloa, huchomwa na jua juu ya boneti za magari. Zikiharibika huletwa kwenye benchi langu. Nalehemu panapohitaji kulehemiwa, nabadilisha vibao vya betri na vioo, halafu naisawazisha kila mita kwa kuilinganisha na mita moja ambayo haitoki ofisini kamwe. Mafundi wanaiita mita mama. Ni jiwe lako la kilo, Baba. Mita ikikubaliana na mita mama naibandika stika nyeupe, naandika tarehe, natia sahihi yangu. Fundi akiona stika ile haulizi tena.

Na mita mama nayo kila mwaka hupelekwa Nairobi ikapimwe kwa kilicho bora kuliko yenyewe. Mwaka huu haikupelekwa. Mara kibali hakijatoka, mara mtu wa kuibeba hayupo. Nilimkumbusha Injinia, mkubwa wetu wa kazi, mara mbili, nikanyamaza. Hilo ni kosa la kwanza, na hata si kubwa.

Kubwa ni hili. Ile spiriti safi ya kusafishia jicho la mita iliniishia katikati ya kiangazi, vumbi likiwa limetanda kila mahali. Nikapanda boda mpaka Konyo Konyo, nikanunua spiriti ya kusafishia vidonda kwenye kibanda cha dawa. Muuzaji aliniuzia nilichomwomba, simlaumu. Lakini ile ya vidonda huwa imetiwa mafuta kidogo ili isikaushe ngozi, na mimi sikulifikiria hilo. Kila asubuhi, kwa wiki sita, nililisafisha jicho la mita mama kwa bidii, jinsi ulivyonifundisha, na kila asubuhi nikaacha juu yake utando usioonekana, na vumbi likanata juu ya utando. Mita mama ikawa inaona mwanga pungufu kila siku. Kama ningekuwa mvivu, Baba, Wani angekuwa hai. Nimelifikiria hilo mpaka kichwa kinauma.

Utaniuliza mbona sikugundua. Mita za mafundi zilikuja mezani zote zikionyesha kusoma juu kuliko mita mama, nami nikazishusha zote, moja baada ya nyingine, nikazibandika stika. Wewe uliwahi kuniambia kwamba siku mizani zote za soko zikionekana mbovu, nianze kwa kulitazama jiwe langu mwenyewe. Nilikuwa nalikumbuka. Nilisema ni joto la Juba linaloziharibu, na ile taa yangu ya majaribio ilipoonekana kufifia nikasema imechoka, inahitaji kubadilishwa. Nilikuwa na jibu la kila kitu.

Mita ya Wani ilikuwa mojawapo.

Alikuwa amepewa waya mpya upande wa ng'ambo ya daraja la mto Nile, kutoka Gumbo kuelekea barabara ya Nimule, hadi kwenye mnara mmoja. Aliunga viungo vyote mwenyewe, na hakuna mkono uliounga kama ule katika ofisi yetu. Alipomaliza akapima kwenye mnara, mita ikamwambia mwanga haujafika kiwango. Akarudi, akafungua viungo viwili alivyovishuku, akaviunga upya, akapima tena. Vile vile. Injinia akaandika kwenye ripoti kwamba kazi ya Wani imekataliwa mara mbili kwa uungaji mbovu.

Baba, wiki ile saa za chakula Wani alikuwa akija kwenye benchi langu na vipande vya waya vilivyobaki, akifanya mazoezi ya kuunga kama mwanafunzi. Akinyoosha mkono mbele ya uso wangu ananiuliza, "Siz, hebu cheki, mkono yangu inatetemeka?" Nami nikamtania. Nilimwambia ameanza kuzeeka, atafute mke kabla hajashindwa hata kumvisha pete. Akacheka. Kisha akasema, na sauti yake ninayo mpaka sasa, "Line niliiunga poa, najua niliiunga poa. Lakini kama mita yako imesema, basi nimekosea mahali."

Nilikuwa na mita mama pale pale, umbali wa mkono mmoja kutoka alipokaa. Sikufikiria.

Akaenda mara ya tatu. Ilikuwa asubuhi, saa nne hivi. Ngazi ilikuwa imeegemea nguzo iliyo karibu na ukingo wa barabara, naye yuko juu, amefungua kiungo cha kwanza. Lori la mizigo likakwepa shimo, tela lake likaigonga ngazi. Wenzake walimpakia kwenye gari wakakimbia kurudi mjini, lakini hawakufika. Alikata roho kabla hawajavuka daraja. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja.

Tulimzika, na kwenye mazishi nililia kama wenzangu wote, bila kujua. Nilikuwa nikimlilia rafiki tu. Siku zile nazikumbuka sasa kama siku njema, ukiweza kuamini.

Wiki iliyofuata ilifika chupa ya spiriti safi tuliyoagiza. Nikalisafisha jicho la mita mama, nikawasha taa ya majaribio, na namba ikaruka juu, karibu desibeli mbili. Kwa kazi yetu hizo ni nyingi, ni tofauti ya kazi kukubaliwa na kukataliwa. Nikasafisha tena, nikapima tena. Nikatoa miwani nikaifuta, kama kwamba miwani ndiyo yenye tatizo. Kisha nikaketi sakafuni. Aliyekuwa akifagia aliniuliza kama ni malaria.

Sikumwambia mtu. Nilichukua mita mama, kitu ambacho ni marufuku, nikaiweka ndani ya nguo zangu kwenye begi, nikapanda boda kuvuka daraja hadi kule kwenye mnara. Kile kiungo alichokuwa amekifungua kilikuwa kimeshafungwa na mwenzake. Nikachomeka waya. Mwanga ulikuwa wa kutosha, Baba. Ulikuwa wa kutosha na kubaki. Mwenye boda alikuwa akinisubiri, akaniona nimeegemea ukuta wa mnara, akasema, "Mama, wewe iko mgonjwa? Twende, jua kali." Nikamwambia niko sawa.

Kesho yake nilimwendea Injinia nikamweleza yote. Alinisikiliza, si mtu mbaya, ana watoto, na mteja alikuwa akimbana kuhusu mnara ule. Akafunga mlango. Akasema, "Sikia, Mghoi. Mtu amekufa, kalas. Ajali ilikuwa ya lori. Ukiandika hii karatasi, unasaidia nani? Utapoteza kazi yako, na Wani hatarudi." Ripoti ikabaki vile vile, kwamba marehemu alirudi kwenye nguzo kwa sababu ya uungaji wake mbovu.

Ningeweza kunyamaza. Nitakuambia ukweli, nilinyamaza siku nne. Siku ya tano nilikukumbuka wewe.

Nilikuwa darasa la sita. Lile jiwe lako la kilo lilikuwa limeanguka kwenye ngazi za posta, likamegeka kidogo chini mahali pasipoonekana, na wewe ukaligundua baada ya mwezi. Ukachukua baiskeli ukazunguka soko zima na maduka yote, unasema kwa sauti, "Nimekosea mimi, rudisheni mizani zenu." Watu walikucheka. Mwenye bucha alikuuliza kama umelewa. Mimi nilikuwa nimetoka shule, nikakuona unakuja, nikajificha nyuma ya vikapu vya nyanya ili wenzangu wasijue wewe ni babangu. Sijawahi kukuomba msamaha kwa hilo. Nakuomba leo.

Basi siku ile ya tano nilikwenda mtaa wa Hai Malakal kwa mama yake Wani. Nilikwenda kwa miguu ili nisifike haraka. Aliishi Kitale miaka mingi, kisha Uganda, na Kiswahili chake ni cha kuokota huku na kule, amekichanganya na Kiarabu cha Juba. Alinikaribisha kiti, akaniletea maji. Kwenye meza kulikuwa na picha ya Wani, na kando ya picha, juu ya kitambaa alichofuma mwenyewe, kulikuwa na mita. Wenzake walimletea begi lake lote siku ya msiba na hakuna aliyekumbuka kuidai. Alikuwa ameipangusa mpaka inang'aa.

Kabla sijafungua mdomo aliichukua akaiweka mapajani mwake. Akaweka kidole juu ya stika yangu. Hajui kusoma, Baba.

Akasema, "Jena tai, mtoto yangu, wewe nafanya kazi na yeye. Hii karatasi iko nasema nini? Kila siku mimi naangalia. Mimi nafikiri ni jina yake."

Nikamwambia si jina lake. Nikamwambia inasema, "Imepimwa, ni sahihi," na kwamba aliyetia sahihi ni mimi.

"Na iko sahihi?"

Nilisema, "Hapana, Mama."

Nikamweleza. Sijui nilieleza vipi. Spiriti, utando, mita zote nilizozishusha, kwamba mwanaye aliunga vizuri tangu mara ya kwanza, kwamba alirudi juu ya nguzo mara mbili kutafuta kosa ambalo lilikuwa langu. Hakunikatiza. Nilipomaliza, kuku wake wakaingia ndani bila mtu wa kuwafukuza.

Kisha akasema, "Hapa watu nasema Wani alikuwa naharibu kazi. Kanisani nasema. Dada yangu nasema. Mimi nasema hapana, lakini mimi najua nini? Mimi hapana jua faiba." Akanitazama kwa mara ya kwanza. "Wewe iko na hiyo karatasi ingine?"

Nilikuwa nazo, huwa hazikosekani kwenye begi langu. Nikamtolea stika moja mpya. Akaniambia niandike kwamba kazi ya Wani ni sahihi, niweke tarehe, niweke na jina langu vile vile kama kwenye ile nyingine. Niliandika juu ya goti. Aliichukua, akaibandika mwenyewe kwenye kioo cha picha, chini ya kidevu cha mwanaye, akaikandamiza kwa kidole gumba mpaka pembe zote zikalala. Ile ya kwenye mita akaing'oa kwa kucha, ikatoka vipande vipande, akanipa vipande vyote mkononi.

Akasema, "Sasa enda. Siku ya karama rudi, sema kwa mdomo."

Karama ndiyo sala na chakula cha kufunga matanga huku. Ilikuwa Jumamosi iliyopita. Watu walijaa ua mzima, na Injinia naye alikuja. Mchungaji alipomaliza, mama yake Wani alinionyesha kwa kichwa tu, nikasimama. Nilisema kwa Kiswahili, na binamu yake Wani akarudia kwa Kiarabu, kwa hiyo kila sentensi niliisikia mara mbili. Kulikuwa na mzee mmoja aliyeondoka. Kulikuwa na mwanamke aliyepiga ukelele. Wengi walitazama chini. Nilipoketi, mama yake aliniletea sahani ya chakula, akaiweka mbele yangu, akasimama pale mpaka nikala. Niliimaliza sahani yote. Hajanisamehe, Baba, wala sijamwomba. Naona ni mapema, au pengine si la kuombwa.

Jumatatu Injinia alinisimamisha kazi. Pia alibadilisha ripoti, nimeiona kwa macho yangu, na jina la Wani halina tena lile neno "mbovu". Nilimwomba jambo moja, akakubali: kabla sijaondoka nizirudishe mita zote, nizing'oe stika zangu, zisitumike mpaka mita mama itakaporudi kutoka Nairobi nami nizisawazishe upya. Ziko kumi na nne. Kumi na tatu nimeshazipanga kwenye benchi. Ya kumi na nne iko Hai Malakal juu ya kitambaa, na sitakwenda kuidai, acha ofisi iifute kwenye orodha yake.

Sasa utajua kilichomo kwenye kile kisanduku alichobeba Abdi. Ni mita mama, inakwenda kupimwa. Nilipomkabidhi nilimkataza kuifungua, akaapa kwamba ataipakata njia nzima kama mtoto. Mimi nitakaa hapa mpaka irudi, nizisawazishe zile mita upya, kisha ndipo nitajua kama nakuja nyumbani ama la. Mwambie Mama nakuja, hata hivyo. Atalala vizuri.

Nisalimie Mwadime, umwambie namshukuru kwa kunichekesha ingawa ni mjinga. Msalimie mke wake na kale kasichana kao, nasikia kameota meno. Shangazi Mkawasi mfikishie pole kwa ule ukuta wa jiko ulioanguka. Na mwenye bucha, kama bado yuko hai, yule aliyekuuliza kama umelewa, mpe salamu zangu, uzitoe kwa sauti.

Nina swali moja, Baba, na ukipata mtu wa kuja huku naomba unijibu kwa maandishi. Siku ile ulipomaliza kuzunguka soko ulirudi nyumbani, ukanawa mikono, ukaketi na sisi, ukala. Nilikuwa nakutazama. Uliwezaje? Najua kilo haikumwua mtu. Lakini nataka kujua mkono uliwezaje kulishika lile jiwe tena kesho yake, na watu wakakuamini, na wewe ukajiamini.

Hapa chini natia sahihi yangu. Ni ile ile niliyokuwa nikiiweka kwenye stika, sina nyingine. Utaona mwishoni imepinda kidogo. Mkono unatetemeka, na hayupo wa kumwonyesha aniambie.

Binti yako,
Mghoi